Kitafunio cha nanasi: Mtaji mdogo unaovuka mpaka bila kuoza

KWA mchuuzi wa Malaba au Busia, kila bidhaa hupimwa kwa swali moja: itafika salama? Nyanya hupondeka. Maziwa huganda. Nanasi lililoiva likikaa siku mbili ndani ya gunia chini ya jua la Tororo, hesabu yake huwa ni hasara.

Ndiyo maana navutiwa na kitafunio ambacho wengi waliorejea kutoka ng'ambo wanakifahamu: kipande bapa cha unga uliookwa, chenye urefu wa kiganja na jemu ya matunda ndani, ambacho hupashwa moto kwenye tosta na kuliwa kwa chai asubuhi.

Nchini Marekani kitafunio hiki kilienea mwaka wa 1964. Kampuni ya Post ndiyo iliyotangulia kutangaza kuwa ina kitu cha aina hiyo, lakini ikachelewa kukifikisha madukani. Kellogg iliharakisha yake, ikaiita Pop-Tarts, na hadi leo jina hilo ndilo linalokumbukwa. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufafanuliwa funzo hilo. Anayesifu bidhaa si sawa na anayeifikisha sokoni.

Waliofanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba nao wana cha kusimulia. Huko kuna maamul, vikate vidogo vinavyojazwa tende. Jirani yangu mmoja hapa Tororo, aliyerudi baada ya miaka kadhaa ya kazi za nyumbani huko, alivioka kila Ramadhani katika jikoni la watu. Aliporejea alikuwa na akiba kidogo, watoto wawili wa kusomesha na ujuzi huo mkononi.

"Tende hapa ni ghali, mama," aliniambia. "Lakini nanasi silo linalopita mlangoni kwangu kila siku?"

Tangu hapo nimeoka naye mara nyingi, na ninachoandika hapa ni kile nilichokiona kikifaulu.

Siri iko kwenye ukavu

Kitafunio hiki kina adui mmoja mkubwa, nayo ni maji ya tunda. Jemu ikiwa na maji, unga wa chini hubaki mbichi, kingo hupasuka jikoni, na kesho yake ukungu huanza. Jemu ikikauka barabara, kitafunio hukaa siku mbili hadi tatu bila friji.

Chukua nanasi moja la kiasi cha kilo moja na nusu. Limenye, ondoa moyo wake mgumu, kisha likune au ulikatekate vipande vidogo sana. Liweke kwenye sufuria pana pamoja na gramu 150 za sukari na maji ya ndimu moja. Pika kwa moto wa wastani huku ukikoroga, hasa kuelekea mwisho kwani hushika chini upesi.

Usitegemee saa. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: mfereji ukijifunga mara moja, endelea kupika. Ukibaki wazi na sufuria ikaonekana chini, jemu imeiva. Iache ipoe kabisa, maana jemu moto huyeyusha mafuta ya unga.

Maembe ya Teso hufaa vivyo hivyo wakati wa msimu, ila chagua yasiyo na nyuzi nyingi. Ndizi ndogo tamu, zile za kupikia kabalagala, hazihitaji sukari nyingi lakini lazima zitiwe ndimu zisigeuke nyeusi.

Unga na mikono baridi

Pima nusu kilo ya unga wa ngano, robo kilo ya mafuta ya kuganda kama Kimbo, kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vikubwa vya sukari. Sugua mafuta ndani ya unga kwa ncha za vidole hadi uwe kama chenga za mkate. Ongeza yai moja lililopigwa, kisha maji baridi kijiko kimoja kimoja hadi ushikamane. Vijiko sita hadi vinane hutosha.

Hapa ndipo wapishi wa chapati hukosea. Huu si unga wa kukandwa kwa nguvu. Ukiukanda sana utavutika na kuwa mgumu kama ngozi. Ukusanye tu, uufunike, na uuache mahali penye baridi kwa nusu saa. Fanya kazi hii alfajiri kabla jua halijawa kali.

Sukuma unga uwe mwembamba, kiasi cha milimita tatu, na ukate vipande vya sentimita 12 kwa 7 na nusu. Weka kijiko kimoja kikubwa cha jemu katikati ya kipande, uisambaze, na uache ukingo mtupu wa upana wa kidole. Paka ukingo maji, funika kwa kipande cha pili, kisha bana kingo zote kwa meno ya uma. Toboa matundu machache juu ili mvuke utoke. Kipimo hiki hutoa vitafunio 12 hadi 14.

Asiye na oveni asikate tamaa. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa nzito, uipashe moto juu ya jiko la makaa kwa dakika 15, kisha uingize bati la kuokea lililoinuliwa kwa vijiwe. Funika kwa kifuniko cha bati na upange makaa machache juu yake. Dakika 20 hadi 25 zinatosha, lakini chungulia mapema. Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 190.

Tosta ni ya kupasha moto tu, haiivishi unga mbichi. Umeme ukikatika, kikaango kikavu cha chapati hufanya kazi hiyo hiyo. Watoto waonywe kwamba jemu ya ndani hubaki moto sana hata ngozi ya nje ikiwa imepoa.

Kuvuka mpaka

Usifungashe vitafunio vikiwa vuguvugu. Mvuke ukifungiwa kwenye karatasi ya nailoni hugeuka maji, na kazi yote ya kukausha jemu huwa ya bure. Vipoe kwanza kwa saa mbili, kisha vipangwe kwenye debe safi lenye kifuniko.

Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi, ukaguzi wa pande zote mbili hufanyika mahali pamoja. Aidha, kuna utaratibu rahisi wa biashara kwa wachuuzi wadogo wenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na iliyo kwenye orodha huvuka kwa hati nyepesi ya asili ya bidhaa bila ushuru wa forodha. Uliza kwanza iwapo bidhaa yako imo kwenye orodha hiyo, na ukumbuke kwamba hati hiyo haiondoi masharti ya afya na ubora wa chakula.

Jambo la mwisho ni hesabu. Jirani yangu huandika kila kitu kwenye daftari: unga, mafuta, sukari, nanasi, makaa, nauli ya bodaboda, na hata vile vilivyovunjika njiani. Wengi husahau makaa na vilivyovunjika, kisha hushangaa faida imekwenda wapi.

Tena huandika kwa shilingi ya nchi moja tu. Anayenunua unga kwa shilingi ya Kenya, akauza kwa ya Uganda, na kubadilisha fedha kila jioni, humpa mbadilishaji fedha sehemu ya jasho lake bila kujua.

Kwa anayerejea nyumbani, hatari kubwa ni akiba kumalizika kabla hajajua la kufanya. Aanze na nanasi moja na nusu kilo ya unga. Vitafunio 12 vikinunuliwa vyote siku ya kwanza, kesho aoke 24. Visiponunuliwa, hasara yake ni ndogo, na watoto watavinywea chai.