Bodi la mbao latolewa, Hiace yaingia

Ubishi wa Simba na Yanga Unguja una benchi lake: gari ya mbao. Fundi seremala alijenga bodi juu ya pikapu, ubavu wazi, mabenchi yakitazamana. Rangi, jina la timu, basi, gari imepata mashabiki. Kwenye 502, Darajani hadi Bububu, watu walibishana uso kwa uso. Mvua ikija linashushwa turubai, ubishi unaendelea.

Hiace zikaja na vioo vyao na stika za Arsenal. Zina kasi, hazivuji, hilo lisemwe. Ila humo kila mtu anatazama kisogo cha mwenzake.

Mei 25, 2025 Simba walitoka 1-1 na RS Berkane New Amaan, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya 3-1. Fainali kama hiyo unaijadili na kisogo?