Kikao Kimekwisha: Nani Atafuatilia?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lau wangaliishi kambini, huenda wangaliongeza kuwa hata neno lililokubaliwa na watu ishirini chini ya mwembe hupotea vivyo hivyo, iwapo hapana aliyeliandika wala aliyelikumbusha.

Msomaji na akitazame chama cha akiba na mikopo cha wake wa askari, mfano wa vyama vingi vilivyomo katika makambi ya jeshi na polisi. Jumapili alasiri wanachama wamekutana na kupitisha maazimio matatu. Mosi, fedha zilizokusanywa zipelekwe benki. Pili, mwanachama mmoja ambaye mumewe yuko kazini mbali apewe mkopo wa karo kabla shule hazijafunguliwa. Tatu, iulizwe bei ya cherehani mjini. Makofi yanapigwa, chai inanywewa, na kila mtu anarudi kwake akiwa na furaha.

Mwezi unaofuata, mwenyekiti anafikia kifungu cha yatokanayo na kikao kilichopita.

“Mama Mweka Hazina, yule mwenzetu alipata fedha zake?”

“La, Mama Mwenyekiti. Nilikuwa nikingojea barua.”

“Na barua ilikuwa ni ya nani kuiandika?”

Kimya kinatanda. Katibu alidhani mweka hazina amekwisha kuelezwa. Mweka hazina alidhani katibu angeandika. Wakati huohuo mtoto alikuwa amekaa nyumbani majuma mawili kwa kukosa karo, na mama yake, kwa kuona haya, hakutaka kuuliza. Hapakuwa na mwizi wala mwongo katika jambo hili. Kilichokosekana ni ufuatiliaji.

ASKARI ALIYEAIBIKA MKUTANONI

Taabu ya mikutano si ngeni, na mmoja wa watu walioishughulikia kwa bidii alikuwa askari. Henry Martyn Robert, afisa mhandisi wa Jeshi la Marekani, aliombwa mwaka 1863 kuongoza mkutano katika mji wa New Bedford, jimbo la Massachusetts. Mkutano ukamshinda, naye akaondoka kwa aibu, akiazimia kujifunza namna mikutano inavyoendeshwa. Mwaka 1876 alitoa kitabu chake cha kanuni za mikutano, ambacho kinatumiwa hadi leo katika vyama vingi duniani. Yeye mwenyewe alistaafu mwaka 1901 akiwa na cheo cha Brigedia Jenerali.

Kanuni hizo zilitia nidhamu ndani ya mkutano. Lakini kazi ya baada ya mkutano, yaani kuandika maazimio kwa usafi, kuyagawa kwa wahusika, na kuwakumbusha siku inapokaribia, ilibaki mabegani mwa katibu na daftari lake. Ni kazi hiyo ambayo siku hizi inaanza kukabidhiwa akili mnemba, yaani programu za kompyuta ziwezazo kusoma, kusikiliza na kuandika kwa namna inayofanana na ya binadamu.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Kazi yenyewe ina hatua nne. Kwanza, sauti za mkutano hurekodiwa. Pili, programu moja hugeuza sauti hizo kuwa maandishi. Tatu, programu nyingine husoma maandishi hayo yote na kuchambua yaliyoamuliwa: ni jambo gani, nani amekabidhiwa, na litimizwe lini. Nne, programu huandaa barua, huingiza tarehe katika kalenda, na kuwapelekea wahusika ukumbusho kwa simu. Makampuni makubwa ya mikutano ya mtandaoni, kama Zoom na Microsoft, yalianza kuwatolea wateja wao huduma za namna hii mwaka 2023.

Faida yake ni dhahiri. Katibu aliyezoea kukesha akinakili kumbukumbu hupata rasimu kwa dakika chache. Mwanachama aliyekuwa zamu usiku wa mkutano husoma yaliyopita. Na ukumbusho hauoni haya: humfikia mkubwa na mdogo kwa sauti moja, jambo ambalo katibu kijana huliogopa anapotakiwa kumkumbusha mtu aliyemzidi umri.

MAHALI UNAPOTELEZA

Hata hivyo, mtambo huu si malaika. Programu moja mashuhuri ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iitwayo Whisper, ilitolewa mwaka 2022 baada ya kufundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kati ya hizo, ni saa 117,000 tu zilizokuwa za lugha nyingine 96 mbali na Kiingereza. Kiswahili, basi, kilipata kijisehemu kidogo cha somo, sembuse mazungumzo ya kambini ambamo sentensi huanza kwa Kiswahili, hupitia Kiluganda au Kiacholi, na kumalizikia kwa Kiingereza.

Watafiti wa Marekani waliotoa uchunguzi wao mwaka 2024 walikuta kwamba takriban kipande 1 cha sauti katika kila 100 kilitiwa maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema kabisa. Mara nyingi uzushi huo ulitokea pale msemaji aliponyamaza kwa muda. Basi kile kimya cha mweka hazina kingeweza kujazwa na mtambo kwa ahadi isiyotolewa.

Kuna na mitego ya lugha yenyewe. Mswahili akisema “tukutane benki saa mbili”, mwenzake anajua ni asubuhi jua likiwa limechomoza. Mtambo uliozoea Kiingereza unaweza kuiandika kuwa saa nane mchana, mweka hazina akafika wenzake wamekwisha kuondoka. Tena, mzee akiulizwa kama atachangia mabati naye akajibu “tutaona”, waliohudhuria wote wanaelewa kwamba amekataa kwa adabu. Mtambo unaweza kuandika kwamba amekubali, na juma linalofuata ukampelekea deni.

SIRI NI SIRI

Jambo zito zaidi kwa familia za askari ni usalama. Mara nyingi sauti inayorekodiwa haibaki katika simu. Hupelekwa katika kompyuta za kampuni, pengine ng’ambo ya bahari. Mkutano wa zamu, wa safari za vikosi, wa silaha au wa upelelezi haufai kabisa kupitishwa katika programu za namna hii pasipo idhini ya wakuu. Na hata kikao cha akina mama kinaweza kufichua mengi: kwamba mume wa fulani ameondoka, ameelekea wapi, na nyumba imebaki na nani.

Aidha, nchini Uganda ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, ambayo imeweka ridhaa ya mtu kuwa msingi wa kukusanya habari zake binafsi. Kwa hiyo haifai kurekodi kwa kificho. Katibu na atangaze mwanzoni, na asiyeridhika asikilizwe.

NJIA ILIYO SALAMA

Kwa chama kidogo, si lazima kurekodi chochote. Katibu anaweza kuandika kwa mkono wake maazimio tu, kisha akaipa programu maandishi hayo bila majina, kwa kutumia vyeo kama “mweka hazina” na “mjumbe wa kwanza”, ili impangie orodha na kumwandalia ujumbe wa ukumbusho. Majina atayarudisha mwenyewe.

Kabla kikao hakijafungwa, kila azimio lijibu maswali manne: Ni kazi gani? Ni ya nani, mtu mmoja na si “sisi sote”? Itimizwe siku gani na saa ngapi, asubuhi au jioni? Na nani atathibitisha kwamba imetimizwa? Katibu ayasome majibu kwa sauti, na kila aliyetajwa aitikie. Rasimu ya mtambo ilinganishwe na daftari, kisha mwenyekiti atie sahihi. Kisichotiwa sahihi kisipelekwe kwa mtu yeyote.

Zoezi hilo halichukui zaidi ya dakika kumi. Lau lingefanywa Jumapili ile, mweka hazina angeitikia jina lake mbele ya wenzake, ukumbusho ungemfikia Jumanne, na mtoto angeketi darasani siku ya kwanza ya muhula.

Mtambo unaweza kukumbusha, lakini hauwezi kuona haya kwa ajili ya ahadi iliyovunjwa, wala kupiga hodi kwa jirani kuuliza kwa nini mtoto hajaenda shule. Ahadi ni deni, na deni hulipwa na mtu.