Akili ya juu na akili ya chini

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala kuhara. Tunazungumzia akili, nayo tutaianzia kwenye machimbo ya dhahabu, maana huko kazi yake huonekana waziwazi.

Mchimbaji mdogo akishasaga mawe yake kwenye karasha na kuuosha unga, huutia zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki huondoka kama mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Mtu akiuvuta huingia mapafuni, hupita katika damu na kufika kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito humfikia hata mtoto aliye tumboni. Habari hizi si ngeni. Rwamagasa, huko Geita, ni mojawapo ya mahali ambapo mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 2002 uliwafundisha wachimbaji madhara ya zebaki. Muulize mchimbaji leo kama zebaki ni sumu, atakujibu sawasawa, tena pengine kwa ufasaha kuliko sisi. Lakini jioni ukipita nyumbani kwake unaweza kumkuta ameinamia jiko la mkaa akichoma donge lake, na mtoto amesimama hatua mbili kando akitazama.

Je, mtu huyo ni mjinga? Hapana. Alichojifunza kwenye semina kiliingia tabaka moja la akili, na kinachouongoza mkono wake jioni kimo katika tabaka jingine.

Akili ya mwanadamu ina tabaka zaidi ya moja. Iko ile ya juu, ambayo kwayo tunahesabu, tunajibu maswali, tunapanga safari na kujua kwamba tunajua. Chini yake iko akili isiyosema. Humo mna mazoea, hofu, chuki na mapenzi tuliyoyapata zamani, mengine kabla hatujaweza hata kutamka maneno. Daktari Sigmund Freud wa Austria aliliandikia sana jambo hili miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mengi aliyoyadai wataalamu wa baadaye wameyakataa, lakini hili moja limebaki: sehemu kubwa ya kazi ya akili hufanyika bila sisi wenyewe kuitambua.

Ushahidi mmoja mzuri ulitoka kwa mgonjwa wa Marekani aliyejulikana kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953 alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa, na tangu siku ile hakuweza kushika kumbukumbu mpya. Ukitoka chumbani ukarudi baada ya dakika chache, alikupokea kama mgeni. Mtaalamu Brenda Milner wa Kanada alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni zoezi gumu. Wasomaji wanaweza kulijaribu. Siku baada ya siku H.M. alisema hajawahi kuliona zoezi hilo maishani mwake, na siku baada ya siku mkono wake ulichora vizuri zaidi. Akili ya juu ilikuwa imesahau kila kitu. Ya chini ilikuwa inajifunza kimya kimya.

Hiyo akili ya chini si adui. Ndiyo inayomwezesha mama kusonga ugali huku anazungumza na jirani, na mwendesha baiskeli kubeba mkungu wa ndizi bila kuanguka. Ila haifundishwi kwa hotuba. Hujifunza kwa kurudiarudia, kwa yale yaliyotutia hofu au furaha kubwa, na kwa yale ambayo mtoto aliwaona wakubwa wake wakiyafanya. Yule mchimbaji amechoma zebaki jikoni mara mia kadhaa, na kila mara mwisho wake ulikuwa fedha mkononi. Mafunzo ya siku mbili yatashindanaje na hayo?

Tuendelee kushuka. Kazi ya shimo ina bahati nasibu ndani yake. Mtu huchimba miezi mitatu asipate kitu, na mwenzake wa shimo la jirani akapata katika wiki moja. Mwaka 1948 mtaalamu mwingine wa Marekani, B. F. Skinner, aliandika juu ya njiwa wenye njaa aliowafungia kwenye vizimba. Chakula kililetwa kwa saa yake, njiwa afanye lolote au asifanye kitu. Baada ya muda njiwa mmoja akawa anazunguka kizimba, mwingine anasukuma kichwa chake kwenye pembe ya juu, kila mmoja na mtindo wake. Walikuwa wamefunga pamoja tendo lililotangulia na chakula kilichofuata, ingawa hayakuhusiana kabisa.

Hatusemi wachimbaji ni njiwa. Tunasema kwamba mahali popote ambapo malipo huja bila utaratibu unaoonekana, akili ya chini hutafuta sababu na huishika ya kwanza inayopita mbele yake. Aliyepata dhahabu siku aliyotoka kwa mganga atarudi kwa mganga. Akirudi mara kumi akakosa, ataikumbuka ile moja.

Na hapa jambo linaacha kuwa la kuchekesha. Tangu mwaka 2007 hivi, mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa ilijulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino, kwa sababu waganga fulani walisema viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Januari 2009 Serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu waliomwua mvulana wa miaka 14. Watoto wengi walipelekwa kituo cha Buhangija, Shinyanga, wapate usalama, wakakua mbali na mama zao. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto wa namna hiyo. Wengi wa waliowinda watoto hao wangeweza kuelezwa hivyo wakaelewa. Lakini hofu na tamaa zilizoko chini hazikuuliza darasani walisema nini.

Ni vivyo hivyo kwa vikongwe wetu wenye macho mekundu. Miaka mingi ya kupikia kuni na samadi katika nyumba isiyo na dirisha huyafanya macho kuwa mekundu. Kila mwanamke wa Usukumani anayepika anaujua moshi huo. Hata hivyo ng'ombe akifa au mtoto akiugua, wapo wanaoyatazama macho ya bibi na kusahau moshi. Ajuza wameuawa kwa sababu hiyo.

Basi, mtu afanyeje? Kwa maoni yetu, kukua si kujaza maarifa mengi juu tu, bali pia kuishusha kweli polepole hadi chini, na njia zake ni za kawaida mno. Mchimbaji awe na daftari. Kila siku aandike amechimba viroba vingapi, ametumia fedha ngapi, amepata gramu ngapi, na siku aliyokwenda kwa mganga aiandike pia. Akili ya chini hukumbuka siku ya bahati peke yake. Daftari hukumbuka zote. Baada ya mwaka mmoja akae na mkewe wazisome kurasa zile. Tunaamini hakuna semina itakayomfundisha kama hizo.

Zebaki nayo haitaondoka jikoni kwa kukatazwa. Mkono unahitaji kazi nyingine ya kufanya saa ile ile: kwenda na donge mahali pa wazi, mbali na nyumba, ambapo kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba kinachokamata mvuke. Wiki za kwanza ataona taabu, kisha ataanza kuona ajabu kwamba zamani alichomea ndani.

Kwa wazazi tuna neno moja gumu. Mtoto wa miaka minne hasikilizi mafundisho, hutazama. Akimwona mama yake anavuka barabara kumkwepa mwenye ualbino, au anatema mate chini baada ya kupishana na kikongwe, amekwisha kujifunza, na hatakumbuka alifundishwa lini. Kinyume chake, mtoto anayetumwa kila Jumamosi kumchotea maji bibi wa jirani hujifunza jambo jingine, nalo vilevile bila maneno.

Tumalizie na habari ambayo familia za machimboni zisiipuuze. Zebaki ikidhuru ubongo, dalili zake ni mikono kutetemeka, kusahausahau, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kujitenga na watu. Tazameni hatari iliyopo: dalili hizo ndizo zile zile ambazo nyumbani huitwa kurogwa, na hofu ya chini itatafuta upesi mtu wa kulaumu, mara nyingi bibi yule wa macho mekundu. Mgonjwa apelekwe kwanza hospitali. Akifika amwambie daktari kazi anayoifanya na kwamba amechoma zebaki kwa miaka mingapi, hata kama hakuulizwa, kwa sababu anayemtazama mikono tu anaweza kudhani ni pombe.