Floraidi Katika Maji: Tatizo Moja, Taaluma Nyingi

Katika vijiji kadhaa vya miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, watu wengi wana meno ya rangi ya kahawia. Mgeni huweza kudhani kwamba watu hao hawapigi mswaki. Dhana hiyo si ya kweli. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, nayo husababishwa na maji waliyokunywa wakati wa utoto, meno yao yalipokuwa yakijijenga.

Maji hayo yana floraidi nyingi. Kiasi kidogo cha floraidi huyakinga meno yasioze, lakini kikizidi hudhuru. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtu anywaye maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kupatwa na madhara makubwa kuliko hayo ya meno: viungo hukakamaa na mifupa hupinda.

Asili ya floraidi

Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano yenye floraidi. Maji yapitapo katika miamba hiyo huiyeyusha. Penye kalsiamu ya kutosha, sehemu ya floraidi huungana nayo na kutuama. Lakini maji mengi ya bondeni yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo floraidi hubaki majini.

Floraidi haina rangi, harufu wala ladha inayotambulika. Aidha, kuchemsha maji, ambako huua vijidudu, hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi.

Njia za kuiondoa

Zipo njia mbili zilizofanyiwa kazi nyingi. Ya kwanza ilibuniwa nchini India katika miaka ya 1970, nayo huitwa Nalgonda kwa jina la mji wa huko. Shabu na chokaa hutiwa katika maji, yakakorogwa, kisha yakaachwa yatulie. Mashapo hushuka pamoja na floraidi, na maji ya juu hutumiwa. Ugumu wake ni kupima dawa kwa usahihi kila siku.

Njia ya pili ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya wanyama huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikasagwa na kuwekwa ndani ya chujio. Mfupa huivuta floraidi kwa sababu ile ile inayoifanya floraidi ikimbilie meno na mifupa ya binadamu. Moto ukiwa mdogo mno, maji hunuka. Ukizidi, mkaa hupoteza nguvu yake.

Kemia peke yake haitoshi

Chujio jema kimaabara laweza kukataliwa nyumbani. Mwislamu hatakubali mifupa ya nguruwe, wala Mhindu mifupa ya ng'ombe. Tena chujio huchoka, na hapana budi pawe na mtu wa kubadilisha mkaa na mfuko wa kugharimia kazi hiyo. Mambo haya hayajulikani ila kwa kukaa na wananchi na kuwasikiliza tangu mwanzo wa utafiti.

Mfano mwingine ni magadi. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, akina mama huyatia katika maharage na mahindi ili yaive upesi. Watafiti walipoyapima waligundua kwamba baadhi ya magadi yana floraidi nyingi. Basi mtaalamu wa maji asiyeuliza habari za jikoni angeweza kusafisha kisima, na watoto wakaendelea kudhurika.

Ushirikiano wa mataifa

Floraidi haijui mipaka. Mwezi Oktoba 1995, wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Ngurdoto, karibu na Arusha, mahali penye kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi. Mikutano iliyofuata ilifanyika Ethiopia na Thailand. Baadaye Chuo Kikuu cha Cagliari cha Italia kiliongoza mradi wa Umoja wa Ulaya uliowaunganisha watafiti wa Tanzania, Kenya na Ethiopia. Ndani yake walikuwamo wanajiolojia, wahandisi na wataalamu wa kilimo. Ushirikiano wa namna hii una manufaa ikiwa elimu inakwenda pande zote mbili, na matokeo yanarudi kijijini kwa lugha inayoeleweka huko.

Nafasi ya shule

Shule ya sekondari yaweza kuwa kiungo kati ya maabara na kijiji. Wanafunzi wa jiografia waweza kuchora ramani ya chemchemi, mito na visima vyote vya eneo lao. Wale wa kemia waweza kuchukua sampuli katika chupa za plastiki, kwa kuwa floraidi huathiriana na kioo, na kuzipeleka katika maabara ya maji iliyo karibu. Wa biolojia na uraia waweza kuwauliza wazee ni kisima kipi kilichimbwa lini, na kila nyumba hunywa maji gani wakati wa kiangazi.

Mara nyingi visima viwili vilivyo jirani hutofautiana sana. Kukijua kilicho salama zaidi ni hatua kubwa, hata kabla ya chujio kupatikana. Vilevile maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Yakikingwa na kutunzwa safi, yafaa wapewe kwanza watoto wadogo, ambao meno yao bado yanajengeka.