Je, Wajua? Majani ya Mawe ya Singida

Je, wajua kwamba magharibi ya mji wa Singida, mahali paitwapo Mahenge (si ile ya Ulanga, Morogoro), majani ya miti yamelala ndani ya mawe kwa miaka milioni 46 hivi? Mlipuko wa volkano, wa jamii ile iliyotupa almasi za Mwadui, ulichimba shimo. Maji yakajaa, likawa ziwa. Majani, samaki, vyura, hata popo, vikazama na kufunikwa na tope laini.

Penye mvua haba miti huwa na majani madogo, na hilo hupimika. Kwa njia hiyo Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen walikadiria mwaka 2004 kwamba Mahenge ilipata kama milimita 660 za mvua kwa mwaka: si mbali na Singida ya leo! Palikuwa na pori linalofanana na miombo, lenye miti mingi ya jamii ya kunde. Mmoja umepewa jina la mkoa: *Aphanocalyx singidaensis*.

Majani ya kale hueleza hata hewa, si mvua tu: kwingineko, ili kukadiria hewa ya ukaa ya zamani, hutumika jani la mginko, mti wa Uchina. Vitundu vyake vya kupumulia hupungua hewa ya ukaa inapozidi angani.