Lango ni la mwajiri, haki si yake

Katika matangazo yanayobandikwa kwenye kuta za viwanda vyetu kuna neno moja ambalo aghalabu halikosekani, nalo ni "ruhusa". Mikutano hairuhusiwi. Kugawa karatasi za aina yoyote hakuruhusiwi bila idhini ya ofisi. Kazi yangu ni kuchunguza maneno, na neno hili limenishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu hapa Kitengela ninapoishi, majirani zangu wengi hushona nguo katika eneo la EPZ la Athi River, huchuma maua katika mashamba ya upande wa Isinya, au huvuta vumbi la saruji ili watoto wao wapate karo. Wengi wao huamini kwamba kujiunga na chama cha wafanyakazi ni jambo ambalo mwajiri hulitoa akipenda, mfano wa chai ya saa nne.

La hasha. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki katika shughuli zake. Kabla ya hapo, Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 ilikuwa imekwisha kusema hayo, tena kwa undani zaidi. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinamkataza mwajiri kumtaka mtu asijiunge na chama, kumbagua au kumfukuza kwa sababu ni mwanachama, au hata kwa sababu anashukiwa kuwa atakuwa mwanachama kesho. Kinakataza pia hongo ya upole: kumwahidi mfanyakazi cheo au nyongeza ili aiache haki yake. Nataka msomaji alitafakari hilo la mwisho, maana mara nyingi haki haivunjwi kwa rungu bali kwa bahasha.

Je, mwajiri hana lolote la kusema? Analo. Sheria ya Ajira, ambayo pia ni ya mwaka 2007, inaeleza katika kifungu cha 46 kwamba mtu hawezi kufukuzwa kwa kushiriki shughuli za chama nje ya saa za kazi, au ndani ya saa za kazi iwapo mwajiri amekubali. Hapa ndipo neno "ruhusa" linapopata makao yake halali, na ni makao madogo. Mshonaji hawezi kuacha cherehani saa tatu asubuhi akaanza kuhutubia wenzake, kisha akadai kwamba Katiba inamlinda. Lakini jioni akishatoka kazini, au Jumapili akiwa nyumbani kwake Noonkopir, anachozungumza na wenzake kuhusu chama hakihitaji sahihi ya meneja. Anayemwachisha kazi kwa sababu hiyo anaweza kuamriwa na mahakama amrudishe, au amlipe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.

Penye utata ni langoni. EPZ si mtaa wa wazi. Ni eneo lililozungushiwa ua, na afisa wa chama anayetaka kuwaona wanachama wake hukutana kwanza na bawabu. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba kinamlazimu mwajiri kumruhusu afisa huyo aingie kwa kadiri inayofaa, ili aandikishe wanachama, akutane nao, na aendeshe mikutano na kura. Mwajiri anaweza kuweka masharti ya saa na mahali, kwa ajili ya usalama au ili kazi isivurugike bila sababu. Masharti hayo nayo sharti yawe ya kufaa. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka mkutano ufanywe kando ya tanuri la saruji. Lakini afisa anayeambiwa "njoo mwezi ujao" kila mwezi hajawekewa sharti, amekataliwa. Sharti hujibu maswali ya lini na wapi. Jibu lisilokuwa na saa wala mahali ni katazo lililovaa kanzu ya adabu.

Pana pia hesabu mbili ambazo watu huzichanganya, na wakati mwingine nadhani huchanganywa kwa makusudi. Ili chama kitambuliwe kama msemaji wa wafanyakazi katika mapatano ya mishahara, kifungu cha 54 kinadai kiwe na wingi wa kawaida wa wale wanaostahili kuwa wanachama. Lakini ili ada za chama zianze kukatwa kutoka kwenye mishahara, kifungu cha 48 kinataja mwajiri mwenye wanachama zaidi ya watano tu, na akishapokea fomu zilizotiwa sahihi ana siku 30 za kuanza makato. Kwa hiyo mwajiri anayesema "sitakati ada kwa kuwa hamjafika nusu" anatumia kipimo cha mlango mmoja kufungia mlango mwingine.

Hiyo nusu yenyewe haipatikani kwa urahisi pale ambapo watu huajiriwa kwa siku. Neno "kibarua" limetokana na barua: kijikaratasi cha kuhesabia siku za kazi. Katika Unguja ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa kwa kutwa, na bwana akachukua sehemu ya ujira. Utumwa umekwisha, neno limebaki, na hofu ya kutoitwa kesho imebaki nalo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua. Ni wangapi kati ya wanaosimama langoni alfajiri wanaolijua hilo?

Nisieleweke kwamba sheria peke yake ilifungua milango. EPZ zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, na kwa zaidi ya miaka kumi vyama vilibaki nje ya ua. Vilianza kupenya baada ya migomo ya Januari 2003, maelfu ya wafanyakazi walipotoka viwandani Athi River wiki chache tu baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani. Mwaka huohuo chama chetu wahadhiri, UASU, kilisajiliwa, baada ya kunyimwa usajili tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Wenye shahada na wenye sindano walivuka kizingiti kwa wakati mmoja, ingawa sisi wahadhiri hatupendi sana kukumbushwa ujirani huo.

Mnyonge hana haki, husema watu hapa sokoni, na husema hivyo kwa Kiswahili, ilhali haki yao imeandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo mkataba anaotiliwa sahihi kijana wa Kajiado aliyeacha mifugo na kuingia kiwandani huwa ni wa Kiingereza, na kadhalika fomu ya kuidhinisha makato ya ada. Wizara inayohusika na leba inaweza kuifasiri fomu hiyo kwa siku moja. Vyama navyo vingeweza kuvichapa vifungu vya 5, 48 na 56 kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, na kuigawa kwenye vituo vya matatu Kitengela, ambako hakuna bawabu. Na afisa anayezuiwa langoni aandike barua yenye tarehe, saa na mahali anapopendekeza, abaki na nakala, kwani mzozo wa namna hiyo unaweza kufikishwa katika Mahakama ya Ajira na Leba, na mbele ya hakimu ni mwajiri atakayetakiwa kueleza ni kwa nini saa hiyo haikumfaa.