Ubelgiji mwaka wa 2022: juu ya nini «majuto» haikufika kuwa «samahani»

Ubelgiji ni inchi ndogo: kilomita za mraba karibu 30,500, kama nusu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini. Lakini huku Rumangabo, territoire ya Rutshuru, alama yake haijafutika. Hifadhi ya Virunga, yenye makao makuu yake hapa, ilianzishwa tarehe 21/4/1925 kwa amri ya mfalme Albert wa Kwanza, ikapewa jina lake: Parc Albert. Ugomvi wa mipaka kati ya wakulima na parke ungali upo hadi leo. Kwa hiyo Ubelgiji ikianza kuzungumza juu ya makosa ya ukoloni, watu wa huku wana sababu ya kutega masikio.

Mwaka wa 2022 ilizungumza sana. Mwezi wa pili, waziri mkuu Alexander De Croo alimkabizi mwenzake wa Kongo, Sama Lukonde, orodha ya vitu zaidi ya 80,000 vilivyo katika makumbusho ya Tervuren. Ni orodha, si vitu vyenyewe. Tarehe 7/6 mfalme Philippe akafika Kinshasa, halafu Lubumbashi na Bukavu. Aliacha kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, lakini kwa njia ya kuazima, kwani sheria ya kuruhusu kurudisha mali ilikuwa bado kupigwa. Ilitoka tarehe 3/7.

Mbele ya wabunge, mfalme alisema ana majuto makubwa kwa maumivu ya zamani. Hakuomba msamaha. Wengi walidhani ni kiburi chake mwenyewe, kumbe huko Ubelgiji mfalme hasemi jambo la siasa bila serikali kukubali.

Tofauti ya maneno hayo mawili inaeleweka vizuri kwenye barza ya kijiji. Ng'ombe akiingia katika shamba la maharagwe, mwenye ng'ombe akasema «pole, inanisikitisha», ameonyesha moyo wake tu. Akisema «nisamehe, ni ng'ombe yangu», wazee watauliza mara moja: unalipa nini? Swali hilo ndilo lililowatia wanasiasa wa Brussels woga.

Bunge lao lilikuwa limeunda tume ya kuchunguza ukoloni katika Kongo, Rwanda na Burundi tangu 2020, chini ya mbunge Wouter De Vriendt. Tume ilisikiliza watu wengi, ikasafiri hadi huku Afrika, ikaandika mapendekezo 128. Moja kati yao lilikuwa kuomba msamaha. Lakini serikali ya De Croo ilikuwa ya vyama saba, wengine wa Kifaransa, wengine wa Kiflamandi, na vyama vitatu kati ya hivyo, MR, Open VLD na CD&V, vilikataa neno hilo kwa kuogopa madai ya malipo. Mwezi wa 12 tume ikavunjika bila kupigia kura hata pendekezo moja.

Raia wa Ubelgiji nao walikuwa na shida zao. Vita ya Ukraine ilipandisha bei ya gazi na umeme, na mwezi wa kumi bei za vitu zilikuwa zimepanda kupita 12 kwa mia. Tarehe 1/12 timu yao ikatolewa Kombe la Dunia kwa 0-0 na Kroatia, huku Lukaku, ambaye wazazi wake ni Wakongomani, akikosa magoli ambayo hata huku yalizungumzwa.

Siku hiyohiyo ya tarehe 1/12, Umoja wa Ulaya, ambao Ubelgiji ni memba wake, ulipitisha euro milioni 20 kwa jeshi la Rwanda linalopigana Msumbiji. Huku Rutshuru, mauaji ya Kishishe yalikuwa hayajamaliza wiki. Na Rumangabo ilikuwa imeshambuliwa tangu mwezi wa tano. Siku mfalme alipomaliza safari yake, tarehe 13/6, Bunagana ilianguka mikononi mwa M23. Kambi ya Rumangabo nayo ilifuata kabla ya mwaka kwisha.

Jambo moja lilikamilika kweli: jino la Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17/1/1961. Lilikuwa limefichwa na polisi mmoja Mbelgiji kwa miaka mingi. Tarehe 20/6 familia ilirudishiwa, na De Croo alirudia kuomba msamaha kwa kifo hicho. Kwa mtu mmoja, basi, neno lilitoka. Kwa ukoloni mzima, hapana.

Kinachobaki mkononi ni ile sheria ya tarehe 3/7. Inahusu vitu vilivyo mali ya serikali ya Ubelgiji, si mifupa ya watu wala arshive, na inahitaji mapatano kati ya serikali mbili. Kijiji au chefferie haiwezi kujiandikia yenyewe Brussels. Ombi lipite Kinshasa. Na juu ya ardhi, hata ile iliyowekwa ndani ya mipaka ya Parc Albert, sheria hiyo haisemi chochote.